Chakula cha Kengele

Mama yangu mkubwa alipika hospitalini kwa miaka ishirini na minane, na tangu astaafu hajajifunza kupika chakula cha watu watatu. Katika sufuria yake iliyo ndogo kuliko zote naweza kumwogesha mtoto. Ukimwomba kikombe cha chai anabandika birika. Ukimwambia umeshiba anakupakulia kidogo tu, na hicho kidogo chake kinakulaza mchana kutwa. Anapima mchele kwa bakuli la bati, na tabia ya mtu kwa namna anavyosugua masufuria. Mimi mtihani huo nilianguka nikiwa na miaka kumi, na hajanisamehe mpaka leo. Mtaa mzima unamwita Bi Mwiko, tena mbele yake, na anaitika.

Kitu anachojivunia kuliko vyote ni kwamba katika miaka yote ile hakuna mgonjwa hata mmoja aliyedhurika kwa chakula chake. Hilo atakwambia hata usipomuuliza. Alinambia mimi siku ya mazishi ya mama yangu, katikati ya kilio, kwa sababu kuna mtu alikuwa ameuliza kama nyama imeiva.

Tunaishi nyumba moja, yeye, mimi na mdogo wao wa mwisho, yeye na marehemu mama. Vyumba viwili vya mbele vimefunguliwa milango barabarani: kimoja ni saluni yangu, kingine ni chumba cha ushonaji cha huyo mdogo wao, ambaye kwangu ni Mama Mdogo. Mama Mdogo ni kiziwi tangu kuzaliwa. Tarakimu anazijua zote, maana nguo ni vipimo, lakini kusoma hasomi. Utotoni mwake hakukuwa na mtu aliyejua la kufanya na mtoto asiyesikia, basi yeye na Mama Mkubwa, waliokuwa wakilala kitanda kimoja, wakajitengenezea lugha yao ya mikono. Mama yangu aliijua nusu. Mimi najua maneno kama thelathini: mteja, maji, chai, ngoja, bei, mvua, na mengine ya kusukumia siku. Lugha nzima ina watu wawili tu duniani. Likitokea jambo zito, barua ya serikali, maneno ya daktari, habari ya msiba, Mama Mkubwa ndiye anayelifikisha kwa Mama Mdogo. Hakuna njia nyingine.

Mambo madogo ya kila siku aliyaleta Kengele. Kengele ni mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala, na hakuna aliyemfundisha chochote. Mteja akifika mlangoni, Kengele anainuka na kuweka mguu mmoja juu ya goti la Mama Mdogo. Akiwa mtu asiyemjua anaweka yote miwili. Kabla ya Kengele, Mama Mdogo alikuwa anashona ameelekea mlangoni, shingo juu kama mlinzi wa benki, na bado waliwahi kumwibia pasi ikingali ya moto. Kengele alipokuja, Mama Mdogo aliupa mlango mgongo, akaielekeza cherehani dirishani penye mwanga, na tangu hapo mishono yake ikanyooka mpaka watu wakawa wanavuka mji mzima kuja kushonewa. Bila mbwa yule, yale maisha yangerudi yalikotoka. Sisi sote tulilijua hilo, na yeye alilijua zaidi.

Mama Mkubwa alianza kumpikia Kengele wiki ile ile aliyostaafu, kwa sababu mimi na Mama Mdogo tulikuwa tumeinua mikono mbele ya lile sufuria. Na hakuanza kienyeji. Alikwenda kwa daktari wa mifugo, aliye karibu na kituo cha mafuta, akamkalia pale mpaka daktari akamwandikia vitu ambavyo mbwa hatakiwi kula. Chokoleti. Zabibu, mbichi na kavu. Kitunguu maji na kitunguu saumu. Mifupa iliyopikwa. Pombe. Unga wenye hamira ambao haujaokwa. Jojo za kutafuna na pipi zile zisizo na sukari. Karatasi ile akaivika nailoni na kuibandika ukutani juu ya jiko. Siku moja aliona kipande cha chokoleti ndani ya mkoba wangu akanifukuza jikoni kana kwamba nimeingia na bastola.

Alipika nyama isiyo na mafuta, ini kidogo, wali, karoti na boga, bila chumvi hata punje. Mifupa aliitoa kwa vidole, akirudia mara mbili. Manyoya ya Kengele yakang'aa mpaka wateja wa Mama Mdogo wakawa wanauliza anapakwa nini. Mwaka wa pili, nyumba sita za mtaa wetu zilikuwa zinaleta vikopo vya plastiki kila asubuhi, na Mama Mkubwa anagawa kwa kijiko kikubwa, amejifunga aproni, amerudi kazini. Kengele ndiye aliyepewa chakula cha kwanza, na juu yake alipewa bakuli zima la mchuzi, kwa kuwa ni wa nyumbani. Wengine wote walipata chakula kikavu.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, nina kichwa cha mteja mikononi, niliposikia Mama Mdogo anapiga ukelele upande wa pili wa ukuta. Kwa kawaida hatoi sauti. Nilikimbia na chanuo mkononi. Mteja mmoja alikuwa ameingia, ameita weee, kisha amemgusa bega kwa nyuma. Mama Mdogo alikuwa ameruka, na mkasi umepasua kitambaa cha suti ya mtu kutoka kiunoni mpaka karibu na kola. Kengele alikuwa amelala miguuni pake, macho wazi, anatutazama.

Mimi hasira zangu ziko karibu, na ziliwahi kufika kabla ya akili. Nilimgombeza mbwa. Nilimwambia ni mvivu, ameshiba mpaka amesahau kazi, nikamshika ukosi nimtoe nje. Alijaribu kunitii. Alisimama, akayumba, akauegemea ukuta, akaenda hivyo hivyo ameegemea mpaka uani. Pale akakojoa, na mkojo wake ulikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokaa jikoni muda mrefu. Mama Mdogo alinipita, akapiga magoti, akainua mdomo wa juu wa mbwa wake kuangalia fizi. Zilikuwa nyeupe kama chaki.

Tulimbeba katika shuka mpaka kwenye teksi, ambayo dereva wake hakukubali kuondoka mpaka tumtandikie nailoni kiti chake. Mama Mkubwa alikaa mbele akimhimiza, Mama Mdogo nyuma na kichwa cha Kengele mapajani. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya mbavu za mbwa njia nzima, akihesabu pumzi kwa kiganja.

Daktari wa mifugo ni mwanamke kijana, miwani yake imefungwa plasta pembeni. Alibonyeza fizi, akachukua damu, akaiweka tone moja kwenye kioo na kuingia nayo chumba cha nyuma kwenye darubini. Aliporudi hakumtazama mbwa. Alimtazama Mama Mkubwa, akauliza kama Kengele amekula vitunguu.

Mama Mkubwa alimjibu kwa upole wa mtu aliyetukanwa. Alimkumbusha ile karatasi, akamweleza iko wapi ukutani, akasema anaapa kwa kaburi la mdogo wake, mama yangu, kwamba hakuna kipande cha kitunguu kilichowahi kuingia kinywani mwa yule mbwa. Mimi nikaongeza chumvi. Nilimwambia daktari arudi akafute kioo chake vizuri, kwa kuwa mwanamke huyu amelisha wagonjwa miaka ishirini na minane bila doa. Daktari hakubishana nasi. Alisema chembe za damu zimepasuka, na zile zilizobaki zina alama ambayo aghalabu huletwa na kitu kimoja. Kisha akaomba tumletee chakula alichokula mbwa asubuhi ile.

Mama Mdogo, sakafuni, alikuwa anafuata midomo yetu mmoja mmoja. Alimvuta Mama Mkubwa pindo la gauni. Mama Mkubwa alimjibu kwa mikono, mara moja, kwa mkato.

Basi tukarudi nyumbani mimi na yeye, na njia nzima tulikuwa upande mmoja. Tulimsema daktari, tukaisema miwani yake, tukasema shule za siku hizi. Jikoni sufuria la asubuhi lilikuwa bado juu ya jiko, nusu. Mama Mkubwa alifunua kifuniko ili nijionee mwenyewe. Akachukua koleo, akalizamisha ndani, akatoa mfuko mdogo wa kitambaa cheupe uliofungwa uzi, unachuruzika. Akauinua juu ya sufuria ukamalizika kudondoka, akaukamua vizuri kwa mwiko, akauweka pembeni kwenye sahani. Alifanya hayo yote kwa ustadi, kama mtu anayejua anatazamwa.

Alisema, "Sasa tafuta. Ukiona hata ganda moja nikate mkono."

Mimi nilikuwa naangalia sahani. "Mama Mkubwa, ndani ya hicho kitambaa kuna nini?"

"Vitunguu," akasema. "Na saumu kidogo. Lakini havigusi chakula."

Nilikaa juu ya ndoo. Yeye akaendelea kunieleza, kwa furaha kabisa, jinsi nyama isiyotiwa kitunguu inavyonuka shombo, na kwamba hakuna mpishi mwenye heshima zake anayechemsha nyama kwa maji matupu. Hospitalini walikuwako wagonjwa waliokatazwa vitunguu, wale wa matumbo. Akawa anavifunga katika kitambaa, vinachemka na nyama, kisha anavitoa. Mgonjwa hapati kipande, nyama hainuki, na daktari wao hana la kusema. Kwa mbwa alifanya vile vile. Halafu wiki mbili zilizopita mwenye bucha alianza kumletea nyama yenye harufu kidogo, kwa hiyo akaongeza vitunguu mara mbili ili Kengele asije akaudhika.

Nilichukua ule mfuko, nikautia kwenye kikopo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwamuru Mama Mkubwa atembee upesi.

Daktari aliufungua mfuko mezani, chumba cha nyuma, Mama Mdogo akiwa amebaki mbele sakafuni na mbwa wake. Vitunguu vilikuwa vimelainika mpaka vinaonyesha ndani, kama makamasi. Alituonyesha, akavuta kiti akamkalisha Mama Mkubwa kwanza, jambo ambalo baadaye nilimshukuru.

"Mama, sumu ya kitunguu haikai kwenye kipande," akasema. "Inatoka inaingia kwenye maji, na moto hauiui. Ukitoa mfuko umetoa makapi tu. Sumu yote imebaki kwenye mchuzi."

Mama Mkubwa alisema, taratibu, kwamba wagonjwa wake hawakudhurika.

"Wagonjwa wako walikuwa watu."

Nimeuona uso wa Mama Mkubwa katika misiba mitatu, na katika yote hakuutazama ukuta vile. Mikono yake, ile mikono mikubwa isiyotulia, ilikuwa magotini imelala kifudifudi. Daktari akaendelea, kwa kuwa muda haukuwapo. Alisema damu iliyobaki haitoshi, mbwa atakufa kesho au keshokutwa kama hatatiwa damu ya mbwa mwingine. Mimi sikujua hata kama mbwa hutiwa damu. Akasema tumweleze mwenye mbwa hali yote, kwa sababu ni mbwa wake, na anayo haki ya kujua.

Mama Mkubwa alirudi mbele kwa mdogo wake. Mikono ikainuka, ikasema kitu, ikasema kingine, ikashuka. Mama Mdogo alitikisa kichwa pole pole. Halafu akamsugua dada yake mkono, kuanzia kwenye kiwiko kushuka, namna anavyomfanyia mtu aliyefiwa.

Nilimvuta Mama Mkubwa ukumbini nikamuuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia damu imeharibika. Atiwe nyingine."

"Na vitunguu?"

"Mbwa kwanza apone."

"Mama Mkubwa."

"Mbwa kwanza," akasema, na akatoka nje.

Daktari alihitaji mbwa mkubwa, mzima, wa kilo ishirini na tano kwenda juu. Nilianza kuwataja kwa vidole. Wa mwalimu. Wa muuza magazeti. Yule mweusi wa nyumba yenye geti la buluu. Kila niliyemtaja, daktari aliuliza, anakula wapi. Nilipofika wa nne nilinyamaza. Mbwa wote wakubwa wa mtaa wetu walikuwa wanakula kwenye sufuria moja, na damu yao daktari hakuthubutu kuitumia. Tulikuwa tumezungukwa na mbwa wenye manyoya yanayong'aa, na hakuna hata mmoja wa kumwokoa Kengele.

Alibaki mmoja. Fundi magari wa kona ana mbwa anayeitwa Jeki, dume lenye kifua kama pipa, analishwa mapupu na unga wa mahindi vilivyochemshwa kwa maji matupu. Mama Mkubwa aliwahi kumfuata fundi yule akajitolea kumpikia mbwa wake, na fundi akamwambia Jeki si mgonjwa hata ahitaji mpishi wa hospitali. Mama Mkubwa akamwambia mbele ya wateja kwamba hata mbwa ana haki ya kuzaliwa kwa mtu mstaarabu. Kuanzia hapo walikuwa hawasalimiani.

Tulimkuta chini ya gari, miguu tu inaonekana. Mama Mkubwa aliiambia miguu kwamba anamhitaji Jeki, akaeleza kwa nini. Fundi alijivuta akatoka, akakaa pale pale chini anafuta mikono kwa tambara.

"Mtaa mzima una mbwa," akasema. "Tena wale wako ndio wenye afya. Si ulinambia?"

"Damu yao haifai."

"Kwa nini?"

Vijana wake wawili walikuwa wameacha kugonga bati. Mwanamke mmoja aliyeleta gari alishusha simu. Nilitaka nimjibie, na nilifungua mdomo, lakini Mama Mkubwa alininyooshea kiganja.

"Nimewalisha maji ya vitunguu," akasema. "Mimi mwenyewe. Kengele nimempa mengi zaidi kwa sababu nampenda zaidi."

Fundi alinitazama mimi kuona kama huu ni mzaha. Kisha akasimama, akapiga mluzi, na kitu pekee alichosema ni kwamba Jeki anaogopa sindano kwa hiyo lazima yeye aje amshike kichwa.

Alimshika. Daktari alimnyoa Jeki shingo, akachanganya tone la damu yake na tone la Kengele kwenye kioo, akangoja, akaridhika, akamtoa damu mfuko mzima. Jeki alilia kama mtoto mchanga na fundi akambembeleza kwa maneno ambayo sitayaandika, maana ana heshima yake pale kona. Saa saba mchana damu ilianza kumshukia Kengele, tone, tone. Mama Mdogo alikaa sakafuni akiyaangalia matone kana kwamba akiacha kuangalia yatakoma.

Daktari alimwagiza Mama Mkubwa apite nyumba zote sita, chakula kimwagwe na mbwa waletwe wapimwe. Alikwenda, na hakutuma mtu. Niliambiwa baadaye kwamba kila geti alisema maneno yale yale, amesimama wima, aproni kifuani: chakula changu kina sumu, kimwageni, nisameheni. Kuna nyumba moja walimpigia kelele. Nyingine walimpa maji ya kunywa. Kufikia saa kumi jioni mtaa wote ulikuwa umejua, hadi watoto, hadi muuza mkaa ambaye hana mbwa. Asiyejua alikuwa mwenye mbwa.

Hilo lilinichoma kuliko yote. Nilikaa sakafuni karibu na Mama Mdogo nikapekua maneno yangu thelathini. Mteja, maji, chai, ngoja, bei, mvua. Hakuna hata moja la kusemea jambo lile. Nikafanya nilivyoweza. Nikamwonyesha Kengele, nikachora sufuria hewani, nikaonyesha mlango aliotokea dada yake. Mama Mdogo alinitazama kwa makini. Kisha uso wake ukafunguka, akatabasamu, akanipiga piga shavu. Alikuwa ameelewa kwamba Mama Mkubwa amekwenda kumpikia mbwa chakula. Niliinuka nikatoka nje, na kwa hasira nikaupiga teke ukuta wa watu.

Mama Mkubwa aliporudi nilimwambia wazi kwamba amewaambia watu wote ambao hana deni nao, na amemwacha yule mmoja. Sikuchagua maneno. Hakunikaripia, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu hajawahi kuniachia neno hata siku moja. Alisema tu kwamba wale wakimchukia, ana watu wengine wa kuongea nao. Mdogo wake akimchukia, ile lugha yao atazungumza na nani?

Kesho yake tulifika kabla ya saa sita mchana. Kengele alikuwa amekaa kitako. Shingo imefungwa bendeji, sikio moja juu, jingine chini, anatazama sahani ya maji. Daktari aliinua mdomo wake akatuonyesha fizi, na zilikuwa zimeanza kuwa za waridi. Akasema wiki moja ya dawa na utulivu, na asile kitu chochote ambacho yeye daktari hajakiona kikipikwa. Mbwa wengine aliokuwa amewapima walikuwa na damu pungufu kidogo tu, watapona wenyewe. Kisha akatuacha. Kengele aliinama akanywa maji, muda mrefu, na mkia ukagonga sakafu mara mbili.

Mama Mdogo alilia. Nilishajua analia bila sauti, lakini sikuwahi kumwona akilia namna ile, kifua kizima kinapanda na kushuka. Aligeuka kwa dada yake, akaichukua mikono yake yote miwili, akaibusu viganjani, kwanza mmoja, halafu mwingine, halafu akaifunika usoni pake. Alikuwa anashukuru. Mtu huyu ndiye aliyekwenda kumtafuta Jeki, ndiye aliyekuwa anahangaika mchana kutwa, na kama angejua la zaidi ya hapo ni kwa kuambiwa na mikono ile ile aliyoishika.

Mama Mkubwa alivumilia kidogo. Kisha akaivuta mikono yake kwa nguvu, kama mtu aliyeshika sufuria la moto.

Akaanza kusema. Sijui lugha yao, lakini siku ile niliielewa. Alipangusa macho kwa nyuma ya kiganja, namna anavyofanya akikata vitunguu, na Mama Mdogo akatikisa kichwa, ndiyo, kitunguu. Akafunga kitu kidogo kwa uzi. Akakizamisha. Akakitoa, akaonyesha mikono mitupu. Akamwonyesha Kengele. Halafu akajigonga kifua, mara moja, kwa ngumi.

Mama Mdogo hakukasirika. Namjua akikasirika, pua zinatanuka na hutupa kilicho karibu. Alimtazama mbwa, akautazama mfuko wa damu uliokwisha, ukiwa bado unaning'inia. Nikadhani limekwisha, na nikadhani kwamba sisi wote tumeponea hapo.

Kisha akauliza kitu. Alinyoosha kidole nyuma ya bega lake, jana. Akaigusa mikono ya dada yake. Halafu akavisambaza vidole vyake kumi na kuvikunja, kimoja kimoja, akiwa amemkazia macho.

Mikono ya Mama Mkubwa ilisimama hewani. Ilianza jambo, ikaacha. Ikaanza jingine.

Mama Mdogo alingoja. Alipoona hakuna kinachokuja, akafumba macho.

Sisi tunaosikia hatuna kitu cha namna hiyo. Mtu akiziba masikio unaweza kupaza sauti, unaweza kumwita kupitia mlangoni, kuna neno litapenya. Mama Mdogo alikaa ameegemea ukuta wa zahanati ile ya mbwa, mkono mmoja juu ya mgongo wa Kengele, kope zimebanwa, na Mama Mkubwa amepiga magoti mbele yake anaongea kwa mikono, anaongea haraka, anarudia, anamgusa goti ili afumbue. Hakufumbua. Nilishindwa kutazama na nilishindwa kuondoka.

Baada ya muda mrefu nilimshika Mama Mkubwa bega, nikamuuliza aliulizwa nini.

"Ameniuliza ni mangapi mengine nimemficha," akasema. Na mikono yake ilikuwa bado inaendelea.